Unga wa bakteria wa utumbo kwa perege wa bwawani: tathmini ya bidhaa mbili zinazouzwa Lindi

Maduka ya pembejeo mjini Lindi yameanza kuuza, pamoja na chanjo za kuku na dawa za kupe, unga wa bakteria hai, yaani probayotiki, wa kuchanganywa na chakula cha samaki. Bidhaa ninazozitathmini hapa ni mbili. Ya kwanza ni unga wa kahawia hafifu katika kifuko cha nusu kilo, ambao maelezo yake yanataja Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis. Ya pili ni unga mweupe katika kopo la gramu mia mbili, wenye bakteria wa asidi ya laktiki, yaani Lactobacillus plantarum na Pediococcus acidilactici. Nimezitumia zote kwa msimu mmoja katika mabwawa ya kuchimbwa upande wa Mingoyo, ambako ninafuga perege kwa chakula ninachokitengeneza mwenyewe kwa pumba za mpunga, mashudu ya ufuta, dagaa na unga kidogo wa muhogo wa kushikiza. Majina ya kibiashara sitayataja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza huenda zilitokea dukani au njiani na si kiwandani.

Nianze na hukumu yenyewe, maana anayetafuta tathmini hutaka kujua anunue au asinunue. Unga wa Bacillus unastahili fedha yake kwa mfugaji anayetengeneza chakula chake kwa malighafi zenye nyuzinyuzi nyingi kama zetu. Unga wa bakteria wa laktiki, kwa jinsi unavyohifadhiwa hapa, haustahili, ingawa katika karatasi ndio unaoonekana kuwa bora. Sababu za hukumu hizi mbili zote zinarudi kwenye jambo moja, nalo ni namna bakteria hao walivyochaguliwa na kama uchaguzi huo ulizingatia samaki, chakula na joto la mahali watakapotumika.

Mwaka 2001 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yalikubaliana kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya kiafya yule aliyevipokea. Masharti hayo ni mazito kuliko yanavyoonekana: wawe hai, watoshe, na manufaa yao yawe yamethibitishwa. Mtafiti anayetafuta bakteria wa aina hiyo kwa ajili ya samaki kwa kawaida huanza na utumbo wa samaki mwenye afya, akawaotesha bakteria waliomo, kisha akawapima mmoja mmoja. Humweka bakteria huyo kwenye sahani ya maabara pamoja na adui, kwa mfano Aeromonas hydrophila au Streptococcus agalactiae ambao huua perege wengi duniani, na kuangalia kama adui anashindwa kuota karibu yake. Humpitisha kwenye asidi na kwenye nyongo ili kuona kama atafika utumboni akiwa hai, humpima kama anajishikiza kwenye ute wa utumbo na kama anatengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya wanga, protini na nyuzinyuzi, kisha huhakikisha kwamba havunji chembe za damu wala habebi jeni za usugu wa dawa zinazoweza kuhamia kwa bakteria wengine. Baada ya hapo ndipo samaki hulishwa, na wakati mwingine huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, ili ionekane kama waliopewa bakteria wanapona zaidi ya wasiopewa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wauzaji wengi huiruka. Kifuko cha kwanza kina picha ya sahani ya maabara yenye duara safi kulizunguka koloni la bakteria, na picha hiyo humvutia mnunuzi. Lakini ushindi wa kwenye sahani hauhakikishi chochote bwawani. Lone Gram na wenzake wa Denmark walionyesha mwaka 1999 kwamba bakteria mmoja wa jenasi ya Pseudomonas, aliyemzuia Vibrio anguillarum maabara, alipunguza pia vifo vya samaki aina ya trauti. Miaka miwili baadaye bakteria huyohuyo, aliyemzuia vizuri Aeromonas salmonicida kwenye sahani, hakuwakinga samoni na ugonjwa unaoletwa na adui huyo. Kwa hiyo picha ya sahani niliipa uzito mdogo, nikatafuta kwenye maelezo kama bidhaa imewahi kulishwa samaki, na samaki gani. Kifuko cha Bacillus kinasema ilijaribiwa kwa sato, jamaa wa perege, na kwa kambamiti. Kopo la laktiki linasema tu kwamba linafaa kwa “wanyama wote wa majini”, kauli ambayo mimi siiamini hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Perege na jamaa zake wana tumbo ambalo si rahisi kulipita. D. J. W. Moriarty, aliyewachunguza sato wa Ziwa George nchini Uganda na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973, alipima asidi ya tumbo iliyoshuka hadi pH 1.4 (katika kipimo hiki namba ikiwa ndogo asidi ni kali), kiwango kinachotosha kupasua kuta za mwani wa bluu-kijani. Alionyesha vilevile kwamba samaki anapoanza kula asubuhi asidi hiyo huwa bado haijamwagika kwa wingi, hivyo mlo wa kwanza hupita bila kushughulikiwa sana. Nimeutumia ujuzi huo kwa hesabu yangu mwenyewe: chakula chenye bakteria nimekitoa katika mlo wa asubuhi tu, na mlo wa alasiri ukawa chakula cha kawaida. Kwa Bacillus pengine hakuna tofauti kubwa, kwa sababu hujifunga ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na spora hustahimili asidi. Bakteria wa laktiki hana ganda la namna hiyo. Huizoea asidi anayoitengeneza mwenyewe, lakini pH 1.4 ni habari nyingine.

Ifahamike pia kwamba utumbo wa perege haukuwa mtupu ukisubiri kifuko cha dukani. Kuna wenyeji wake, na mmoja anayejulikana sana ni Cetobacterium somerae, bakteria anayetengeneza vitamini B12. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayomwezesha sato kukua vizuri bila kuongezewa vitamini hiyo kwenye chakula. Mwenyeji huyu hastawi penye oksijeni, kwa hiyo si rahisi kumkausha na kumuuza kama unga. Wale tunaouziwa ni wageni, ambao kwa kawaida hupungua muda mfupi baada ya kuacha kuwalisha. Anayenunua kifuko kimoja kwa matumaini ya kupanda mbegu ya kudumu utumboni mwa samaki wake atakuwa amenunua ahadi ambayo hata mtengenezaji mwaminifu hawezi kuitimiza.

Kuhusu maelezo ya kwenye kifungashio, neno Bacillus peke yake halitoshi. Ndani ya jenasi hiyo kuna wa kusaidia na kuna Bacillus cereus anayeweza kutoa sumu ya chakula, na hata ndani ya spishi moja aina hutofautiana. Mtengenezaji makini huandika, baada ya jina la spishi, herufi na namba za hazina ya vijidudu alikohifadhi aina yake. Mfano unaojulikana ni Pediococcus acidilactici CNCM I-4622, aliyepewa kibali cha matumizi kwa samaki katika Umoja wa Ulaya. Kifuko cha Bacillus nilichonunua kina namba za aina zote mbili. Kopo la laktiki halina hata moja. Tahadhari hii ina historia yake. Mwaka 1986 mtafiti Kozasa wa Japani alieleza namna spora za Bacillus toyoi zilivyoongeza ukuaji wa samaki wa bahari waliofugwa, na jaribio hilo huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa katika ufugaji wa samaki. Bakteria huyohuyo alitumika kwa miaka mingi katika vyakula vya mifugo, hadi mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliposimamisha vibali vyake kwa wasiwasi juu ya usugu wa dawa na sumu. Kama kifungashio hakitaji aina, mnunuzi hana njia ya kujua kama aliyemo ni wa kundi hilo.

Idadi nayo inahitaji kalamu na karatasi. Tafiti nyingi za sato hutumia kuanzia bakteria hai milioni moja kwa kila gramu ya chakula na kwenda juu. Kifuko cha Bacillus kinadai bilioni moja kwa gramu ya unga na kinaelekeza gramu tano kwa kilo ya chakula, ambayo ni milioni tano kwa kila gramu anayoimeza samaki. Kopo la laktiki linadai bilioni kumi kwa gramu na kuelekeza gramu moja kwa kilo, yaani milioni kumi. Kwa hesabu hiyo kopo linashinda mara mbili. Tofauti ni kwamba kifuko kinasema idadi hiyo imedhaminiwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, ilhali kopo linataja idadi ya siku ya kutengenezwa. Kwa bei, kifuko nilikinunua shilingi 18,000, na kwa kuwa kinatosha kilo mia za chakula, kila kilo ilipanda kwa shilingi 180. Kopo la shilingi 40,000 linatosha kilo mia mbili, sawa na shilingi 200 kwa kilo. Hazipishani sana.

Kabla ya kulisha nilitaka kujua kama kilichomo ni hai. Kwa Bacillus nilichemsha uji mwepesi wa soya, nikaugawa katika mitungi miwili ya kioo, mmoja nikautia kijiko kidogo cha unga na mwingine nikauacha ulivyo, kisha nikaisimamisha yote miwili katika maji ya moto yasiyochemka kwa robo saa. Joto hilo huua bakteria wengi wa kawaida lakini haliui spora. Kesho yake mtungi wenye unga ulikuwa umefunikwa na utando mweupe uliokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, wenye kuvutika ulipoguswa na kijiti, na harufu nzito ya soya iliyochachuka. Bacillus subtilis ndivyo anavyoota juu ya majimaji. Mtungi wa pili ulikuwa bado shwari, ingawa nao ulichafuka baadaye, kwa kuwa soya yenyewe haikosi spora za shambani. Jaribio hili halithibitishi jina lililoandikwa kwenye kifuko, lakini linatosha kuonyesha kwamba mtu hajanunua unga mfu.

Kwa laktiki nilitumia maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hadi uvuguvugu, maana bakteria wa laktiki wakiwa hai na wengi mara nyingi maziwa hugeuka kuwa machachu, ingawa Pediococcus huyachachusha kwa shida. Maziwa niliyotia unga wa kopo yalikaa usiku kucha bila kubadilika ladha wala uzito, wakati kikombe cha pili nilichotia kijiko cha mtindi wa nyumbani kiliganda vizuri. Sikushangaa. Kopo limeandikwa lihifadhiwe chini ya nyuzi nne, na mimi nililikuta kwenye rafu iliyo karibu na dirisha linaloelekea magharibi, katika mji ambao mchana wake wa Desemba kila mtu anaujua. Kijana wa dukani, ambaye kwa kweli ni mwenye adabu na alinisalimu vizuri, aliniambia: “Mama, hii ni dawa kali, ukiiweka samaki hawafi tena.” Nikamjibu, “Mwanangu, hii si dawa, hawa ni viumbe, na wewe umewaanika juani.” Alicheka, akakubali kupeleka makopo yaliyobaki kwenye friji ya chanjo. Pesa yangu hakuirudisha, na tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mbali, kwa hiyo kisheria sijui ningemshitaki kwa lipi. Kwa huduma ya duka natoa sifa ya ukarimu na lawama ya uhifadhi.

Kuchanganya ndiko kunakoamua mengi. Wanaonunua chakula cha kiwandani cha kuelea wasidhani wataongeza bakteria hawa kiwandani kabla ya mashine, maana joto la kupikia punje huua laktiki wote na hupunguza hata baadhi ya spora. Kwao njia ni kuupaka unga juu ya punje zilizokwisha kupoa, kwa mafuta kidogo ya alizeti au ya ufuta, kiasi cha kuzilowesha tu ili unga usioshwe na maji kabla samaki hajameza. Sisi tunaotumia mashine ya kusagia nyama kutengeneza punje tuna nafuu, kwa kuwa joto lake ni dogo. Unga wa Bacillus niliutia kwenye malighafi kavu, nikachanganya kwanza na kilo moja ya pumba na ndipo nikaenda kwenye rundo zima, ili usibaki mafungu mafungu. Punje nilizianika kivulini juu ya jamvi. Zilizoanikwa juani zilikauka haraka zaidi, lakini jua kali si rafiki wa bakteria yeyote na pia huharibu mafuta ya dagaa.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni mashudu ya ufuta. Huku kwetu ufuta ni zao kubwa, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu zake kwa miaka mingi, na mashudu yanayobaki kwenye mashine za kukamulia mafuta hupatikana kwa bei nafuu kuliko dagaa. Tatizo lake ni asidi ya fitiki, ambayo hushikilia fosforasi na zinki zisipatikane kwa samaki, pamoja na upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini. Watafiti wa India, Mukhopadhyay na Ray, walionyesha mwaka 1999 kwamba kuchachusha mashudu ya ufuta kwa bakteria wa laktiki kabla ya kuwalisha rohu, samaki wa kufugwa wa huko, kuliondoa kwa kiasi kikubwa asidi hiyo na kuwezesha mashudu kuingia katika chakula kwa kiwango kikubwa zaidi. Aina nyingi za Bacillus nazo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja fitiki. Hapa naona nafasi ya kweli ya laktiki katika mikoa hii: si ndani ya kopo ghali linalohitaji friji, ila kwenye pipa la mashudu yaliyoloweshwa na kuchachushwa kwa siku chache kabla ya kusagwa. Laisini haiongezeki kwa kuchachusha, na dagaa hawaepukiki, ila wanaweza kupungua.

Sasa matokeo. Mabwawa mawili yalipandwa vifaranga wa kundi moja. Moja lilipewa chakula chenye Bacillus, jingine chakula kilekile bila unga. Mabwawa mawili si utafiti, na ninaandika nilichokiona tu. Samaki waliopata unga walikuwa wamelingana zaidi ukubwa wakati wa kuvua, na uzito wao ulizidi kwa kiasi kinachoonekana kwenye mizani bila kuwa cha ajabu. Vifo havikutofautiana, kwa kuwa msimu huo hakukuwa na ugonjwa katika bwawa lolote, hivyo kuhusu kinga sina la kusema. Tofauti ya wazi niliiona nilipowapasua. Utumbo wa perege ukiukunjua juu ya jani la mgomba huzidi urefu wa mwili wake mara kadhaa, na kwa wale wasiopewa unga, sehemu ya mwisho ya utumbo ilikuwa imejaa vipande vya maganda ya pumba unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Kwa wale waliopewa, kilichokuwamo kilikuwa laini na cha rangi moja. Vilevile uchafu uliotulia chini ya kihori cha kulishia ulikuwa mwepesi zaidi, jambo lenye faida kwa sababu chakula kisichomeng'enywa ndicho kinachooza na kuzalisha amonia.

Madai mengine ya kifuko hayana uzito huo. Kinasema mfugaji anaweza “kuongeza idadi ya samaki mara mbili”, ushauri ninaouona kuwa wa hatari, kwa sababu bakteria wa utumbo hawaongezi oksijeni ndani ya maji wakati wa alfajiri. Kinadai pia kuchukua nafasi ya viuavijasumu. Ni kweli kwamba hamu ya bidhaa hizi iliongezeka sana baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006, na ni jambo jema mfugaji asimwage tetrasaiklini bwawani kila anapoona samaki mmoja anaelea. Lakini samaki walioanza kuzunguka ovyo na macho kutokeza wanahitaji kupelekwa kuchunguzwa, na kwetu sisi wa kusini Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mtwara. Unga hautibu.

Wafugaji wa samaki aina ya mwatiko kwenye maji ya chumvi, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, wameniuliza kama bidhaa ya Bacillus inawafaa. Maelezo yake yanataja kambamiti, kwa hiyo angalau aina zilizomo zimewahi kupitishwa kwenye chumvi, na spora zenyewe hazijali. Hata hivyo mwatiko hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwenye utando wa mwani unaoota chini ya bwawa, na mfugaji asiyemlisha chakula cha ziada kila siku hana mahali pa kuwatia bakteria hawa. Kwake yeye shilingi 18,000 zitafanya kazi zaidi kwenye samadi ya kuku na kutengeneza mlango wa maji. Anayelisha punje kila siku anaweza kununua kifuko kimoja, akakipima kwanza kwenye mtungi wa soya, na akadai kutoka dukani kifuko ambacho tarehe yake haijakaribia, kwa maana nilipopita mara ya mwisho vilivyokuwa mbele ya rafu ndivyo vilivyokuwa vimebakiza muda mfupi zaidi.